Nilichojifunza kwa Audrey Hepburn si lile gauni jeusi

Tuanze na lile gauni, maana tusipolimaliza sasa litatuandama hadi mwisho. Jeusi, la satini, halina mikono, limeshuka hadi miguuni. Hubert de Givenchy, mbunifu wa mavazi wa Paris, alilibuni kwa ajili ya mwigizaji Audrey Hepburn kwenye filamu ya Breakfast at Tiffany's iliyotoka mwaka 1961, na Desemba 2006 mojawapo ya yale yaliyoshonwa liliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, kwa pauni 467,200, fedha zikaenda kusaidia watoto maskini wa India. Ukisoma popote kuhusu mavazi yasiyochuja utaambiwa habari ileile: tafuta gauni jeusi, vaa lulu, funga nywele juu, kazi imekwisha.

Wengi wanaoliiga hawajalitazama. Wanachovaa ni kigauni cha kufika magotini, ilhali lile la mwanzo wa filamu ni gauni la jioni linalokaribia kugusa sakafu, na utamu wake uko nyuma. Mbele limenyamaza. Mgongoni ndiko Givenchy alikokata, mabega yakabaki wazi na shingo ikaonekana inaanzia mbali. Filamu inapoanza, mwanamke huyo anasimama mbele ya dirisha la duka akiwa ametupa mgongo, na kamera inatupa nafasi ya kuutazama. Sasa mtu mwenye shingo fupi na mabega ya mviringo, kama mimi, akinunua gauni jeusi lililofungwa hadi kooni, amenunua rangi tu.

Nilichokuja kukipata kwa Audrey, baada ya kuanza kumtazama kwa jicho la fundi na kuacha la shabiki, ni hiki: aliujua mwili wake kwa undani, akaamua mapema nini kionekane na nini kifunikwe, kisha akaushikilia uamuzi huo kwa karibu miaka arobaini. Lulu, miwani mikubwa, glovu za kupita kiwiko, hayo ni mapambo yaliyokuja juu ya uamuzi.

Mwili wenyewe ulikuwa na historia. Alizaliwa Ubelgiji tarehe 4 Mei 1929, na Vita Kuu ya Pili vikamkuta Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, chakula kilipokatwa na Wajerumani, Waholanzi walifikia kula vitunguu vya maua ya tulipu. Yeye alikuwa binti wa miaka 15, wakati ambao mwili unadai chakula kuliko wakati wowote. Vita vilipokwisha alikwenda London kusomea baleti kwa Marie Rambert, na huko akaambiwa bila kuzungushwa kwamba hatafika juu kabisa: alikuwa mrefu mno, kama sentimita 170, na njaa ya vita ilikuwa imeshamdai deni lake. Akahamia jukwaani na kwenye filamu. Kutoka baleti alibaki na mgongo ulionyooka, mwendo, na mazoea ya kujitazama kwenye kioo bila huruma na bila chuki. Mchezaji wa baleti hutazama kioo ili ajue goti liko wapi, basi. Nadhani hilo lilimsaidia kuvaa kuliko mbunifu yeyote.

Kumbuka pia aliingia wakati gani. Mwaka 1947 Christian Dior alikuwa ameleta Paris mtindo wa kiuno kilichofinywa, nyonga zilizojazwa na sketi pana iliyokula mita kwa mita za kitambaa, na sinema za Marekani zilitaka kifua. Kipimo cha urembo kilikuwa Marilyn Monroe na Elizabeth Taylor. Katikati ya hao akatokea mtu mwenye shingo ndefu, kifua kidogo, mabega yaliyonyooka na mifupa ya mtulinga iliyochomoza. Kwa kipimo cha siku zile, mwili wake ulikuwa na kasoro karibu kila mahali.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Chukua mkato wa shingo ambao baadaye watu waliuita wa Sabrina, kwa jina la filamu ya mwaka 1954. Ni gauni jeusi la jioni, fupi, ambalo shingo yake inakwenda mlalo kutoka bega hadi bega, na juu ya kila bega kuna kifundo kidogo kama cha utepe. Mstari huo umepita juu ya mifupa ya mtulinga, si chini yake. Ungeshuka vidole viwili tu, yale mashimo pembeni mwa shingo, ambayo yeye mwenyewe hakuyapenda, yangeonekana yote. Kwa kupita juu, umeyafunika. Lakini haukuishia kufunika. Mstari wa mlalo unayapanua mabega, na mabega yakipanuka kiuno kinaonekana kimepungua bila kufinywa. Na shingo ndefu, iliyokuwa inaweza kuonekana kama ya korongo, sasa inachomoza kutoka kwenye kitambaa kama jambo lililokusudiwa. Mstari mmoja wa mkasi umefanya kazi tatu.

Hivyo ndivyo ninavyomtazama siku hizi: nazima sauti, nasimamisha picha, halafu natafuta nguo inaishia wapi mwilini. Mazungumzo nilishayazoea, na yananipotosha. Kila mwisho wa nguo ni mstari, na macho hufuata mstari. Ukipita mahali penye unene, unene ndio utakaoonekana kwanza. Ukipita mahali pembamba, mtu mzima ataonekana mwembamba zaidi ya alivyo. Suruali za Audrey ziliishia juu kidogo ya vifundo vya miguu, sehemu nyembamba kuliko zote kwenye mguu. Mikono ya makoti yake mara nyingi iliishia kabla ya kifundo cha mkono. Sketi zikaishia pale ambapo mguu unaanza kupungua chini ya goti. Huwezi kuona jambo hilo ukiwa unatazama kitambaa na chapa. Ukiliona mara moja, hutaacha kuliona kwa kila anayepita mbele yako, na nakuonya kwamba linachosha.

Viatu navyo ni hivyohivyo. Kwa urefu wake hakuhitaji visigino, na nje ya sherehe alivaa viatu bapa, vile vya umbo la kiatu cha baleti. Mwaka 1954 Salvatore Ferragamo, fundi viatu wa Florence, alimtengenezea viatu bapa vya ngozi laini ya suede ambavyo mpaka leo jina la Audrey halijabanduka kwao. Vitu vyake binafsi vilipopigwa mnada London mwaka 2017, miongoni mwake kulikuwa na viatu bapa vya rangi mbalimbali, umbo lilelile moja. Hilo lilinifurahisha kuliko magauni yote. Mwanamke aliyeweza kuvaa kiatu chochote duniani alipata kinachomfaa, kisha akakichukua kwa rangi tofauti, akaenda zake.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya wembamba, kwa sababu najua kuna wasichana wanasoma haya wakiwa na picha yake kwenye simu. Wembamba ule usiwe sehemu ya unachotamani. Sehemu yake ilitoka kwenye njaa ya vita aliyoipata akiwa mtoto, na hakuna mtindo unaostahili kununuliwa kwa bei hiyo. Ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba, wahenga walikwisha sema. Mtu mnene anayejua pindo lake liishie wapi ataonekana nadhifu kuliko mwembamba aliyevaa tu kwa sababu kitu kimemwingia.

Na kama unafikiri haya ni mambo ya Paris na ya kiuno kidogo, mtazame Sade Adu. Amezaliwa Ibadan mwaka 1959, akasomea ubunifu wa mavazi Saint Martin's kule London kabla hajawa mwimbaji. Nywele zimevutwa nyuma zikabana, paji la uso liko wazi, hereni kubwa za duara, mdomo mwekundu, mara nyingi shati rahisi au gauni lililoacha mgongo. Aliingia hivyo mwaka 1984 na picha za miongo iliyofuata zinamwonyesha akiwa yuleyule. Anajua kwamba alichonacho ni lile paji na ile mifupa ya uso, akaondoa chochote kinachozuia. Mwili tofauti, akili ileile.

Turudi kwa Audrey, mwaka 1953. Alikuwa na miaka 24, anajiandaa kwa filamu ya Sabrina, akaenda Paris kumtafuta Givenchy ampe nguo. Givenchy alikuwa na miaka 26 na jumba lake la mitindo lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia tu. Alipoambiwa kuna Bi. Hepburn anakuja, akadhani ni Katharine Hepburn, mwigizaji mkubwa wa siku hizo. Akaingia msichana mwembamba aliyevaa suruali nyembamba iliyokomea juu ya vifundo, fulana, viatu bapa, na kofia ya majani kama ya wapiga makasia wa Venice. Givenchy alikuwa amezama kwenye mkusanyo mpya, akamwambia hana muda wa kumbunia chochote. Yeye akaomba aone yaliyokwisha kushonwa, akachagua mwenyewe pale pale.

Watu hulisimulia tukio hili kama hadithi ya mbunifu aliyemtengeneza nyota. Mimi nasoma kinyume. Angalia alivyofika: suruali, viatu bapa, kifundo cha mguu kiko nje. Yote tuliyokwisha yataja hapo juu alikuwa amekuja nayo mlangoni. Na alipochagua kutoka kwenye nguo ambazo hazikubuniwa kwa ajili yake, alichagua zile zilizompendeza, maana alijua anatafuta nini. Givenchy alimpa kitambaa bora na mkasi bora. Macho alikuja nayo.

Kisha akabaki naye. Tuzo ya Oscar ya mavazi ya Sabrina alipewa Edith Head, mbunifu wa studio, na jina la Givenchy halikuonekana. Lilikuwa jambo la aibu, kwa maoni yangu, hata kama ndivyo taratibu za studio zilivyokuwa. Ilipofika filamu ya Funny Face mwaka 1957, jina la Givenchy liliandikwa, na safari hii yeye na Head walipendekezwa pamoja kwa tuzo hiyohiyo. Urafiki wa Audrey na Givenchy ulidumu hadi kifo cha Audrey. Givenchy alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Kuwa na mbunifu wa Paris si jambo la kila mtu. Kuwa na fundi mmoja anayekujua ni jambo la wengi kuliko tunavyodhani, na ndicho kitu cha kwanza nilichokichukua kwa Audrey. Fundi anayekushonea mara kwa mara anajua kwamba bega lako la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Anajua ukikaa kitambaa kinavutika wapi. Hata nguo iliyonunuliwa tayari huwa haijakamilika hadi ipite mikononi mwake: mshono wa bega urudi mahali bega linapoishia, mgongo upunguzwe usipwaye, pindo lipande au lishuke. Bega ndilo la kutazama kwanza dukani, kwa sababu kiuno kinapunguzika kwa saa moja lakini bega lililokosewa linataka nguo ifumuliwe. Mshono wa bega ukining'inia mkononi, iache, hata kama rangi yake inakuita kwa jina.

Nilijifunza pia kuzungumza na fundi. Zamani mtu ulimpelekea picha ukamwambia "nataka kama hii", na fundi mwema alikushonea kama ile, na ile ilikuwa imekatwa kwa mwili wa mwenzio. Siku hizi namwambia kwa viungo: shingo ishuke hapa, namwekea kidole, mkono uishie hapa, hapa pasibane nikiinua mkono. Mafundi wanapenda lugha hiyo. Wengine hutabasamu kwanza, halafu wanachukua chaki.

Sasa soksi. Katika Funny Face kuna sehemu ambapo Audrey anacheza dansi ndani ya kilabu cha chini ya ardhi mjini Paris, amevaa nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni: sweta ya kubana yenye shingo ndefu, suruali nyembamba, viatu bapa vyeusi. Mwongozaji, Stanley Donen, akamwambia avae soksi nyeupe. Audrey alikataa kabisa. Kwa mantiki yake alikuwa na haki: mstari mweusi usiokatika unaurefusha mguu, na soksi nyeupe ingeukata palepale kwenye kifundo, mahali ambapo amekuwa akipalinda miaka yote. Na alijua watu watatazama miguu yake, ambayo aliiona mikubwa. Walibishana hadi machozi yakamtoka. Donen akashikilia: ukumbi ni wa giza, nguo ni nyeusi, bila soksi nyeupe miguu itapotea na dansi haitaonekana. Akavaa, akacheza. Baadaye alipoiona sehemu hiyo kwenye skrini alimwandikia Donen kikaratasi kukiri kwamba kuhusu soksi Donen ndiye aliyekuwa sahihi.

Itazame tena ukizima sauti. Ukizitoa zile soksi kwa mawazo, unabaki na kiwiliwili kinachoelea gizani. Zikiwepo, kila hatua inasomeka.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinamshusha chini. Mtu mwenye macho makali kuliko wote katika mavazi yake alikuwa na mahali pasipoonekana kwake, na mahali penyewe palikuwa pale alipokuwa na aibu. Wote tuna pahala hapo. Mimi ni mikono ya juu. Nguo isiyo na mikono sikuwa naigusa, hadi rafiki yangu mmoja, mwenye ulimi usio na adabu, aliponiambia kwamba mikono mirefu ninayojifichia ndiyo inayonifanya nionekane nimevaa nguo ya dada yangu mkubwa. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mtunze. Mwenye duka hawezi kukuambia hivyo, na kioo kinakuonyesha tu unachokwenda kukitafuta.

Kurudia nguo ni jambo ambalo wenye simu za kisasa wameliogopa kupita kiasi, kana kwamba kupigwa picha mara mbili na koti lilelile ni kosa la jinai. Audrey alirudia. Rangi zake zilikuwa chache: nyeusi, nyeupe, rangi ya mchanga, bluu iliyokolea, na waridi aliloliweka kwa siku maalumu. Mwaka 1969 alipoolewa mara ya pili, Uswisi, alivaa kigauni kifupi cha waridi cha Givenchy na kitambaa cha kichwani cha rangi hiyohiyo. Kigauni kifupi kilikuwa mtindo wa miaka ile, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hakufuata mitindo. Alichukua urefu wa siku zile, akabaki na unyamavu wake, bila nakshi, bila vurugu.

Na mara moja alilazimishwa kutoka nje ya uzio. Donen yuleyule wa soksi, alipokuwa akitengeneza Two for the Road ya mwaka 1967, hakutaka nguo za Givenchy. Alitaka nguo za tayari, za mitindo ya wakati ule, na ndiyo maana humo utamwona na gauni la vipande vinavyong'aa la mbunifu Paco Rabanne na vitu vingine ambavyo hungevitegemea kwake. Amependeza, sitabisha. Lakini hizo ndizo nguo zake zinazotaja mwaka wake kwa sauti. Ukiniwekea picha hiyo kando ya picha ya sweta nyeusi na suruali ya 1957, ya pili ingeweza kupigwa asubuhi ya leo.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaomwita mtu asiyepitwa na wakati kwa ujumla wake. Si kweli. Nywele zake za miaka ya sitini zilizopandishwa kama mnara zimepitwa. Zile kofia kubwa kubwa zimepitwa. Wanja wa jicho ulionyanyuka pembeni umeondoka na kurudi mara kadhaa. Vilivyobaki ni vile ambavyo havikutia chumvi mahali popote: shati jeupe, koti la mvua lenye mkanda, suruali ya kifundoni, sweta ya shingo ndefu, gauni lisilo na cha kushikia jicho isipokuwa mtu aliyelivaa. Nguo huzeeka pale inapokuza kitu kimoja kupita kiasi: kola pana kuliko kawaida, bega lililojazwa sponji, kiuno kilichopanda au kushuka kuliko inavyohitajika, nembo kubwa kifuani. Ukitaka kujua kama koti litaishi miaka kumi, tafuta kilichotiwa chumvi. Kama hakipo, lipe nafasi. Kama kipo na umekipenda mno, nunua pia, ila ujue unanunua starehe ya msimu mmoja, na starehe nayo ina haki yake.

Bahati nayo tuiseme. Alipigwa picha na mabingwa, akiwemo Richard Avedon, na nyingi ya picha tunazozikumbuka ni za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo husamehe na kutunza. Angekuwa karani mwenye shati lilelile na suruali ileile hatungemjua leo. Lakini angependeza kazini, na hilo ndilo linalonihusu mimi.

Kwangu mimi hesabu imekuja tofauti kabisa na yake. Shingo yangu ni fupi, kwa hiyo ule mkato wa mlalo unaniziba. Shingo ya umbo la V ndiyo inayonifungua, na kola ya shati nikiifungua vifungo viwili inafanya kazi hiyohiyo. Nyonga ni pana, hivyo blauzi isiishie hapo, ama ipande kiunoni ama ishuke iwe kanzu. Kifundo cha mkono ni chembamba, basi mikono ya nguo zangu karibu yote inakunjwa au inashonwa iishie robo tatu. Hicho kifundo nakivalisha bangili moja nzito na saa, sina haja ya mkufu. Rangi zangu si zake pia. Nyeupe kali inanigombeza, maziwa inanikubali, na kijani kilichokolea ndicho cheusi changu. Ukitazama kabati langu huwezi kukisia kwamba limetokana na Audrey Hepburn, na sioni sababu ya wewe kukisia. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mtindo wa kuazima hali kadhalika.

Nikitaka kuona jinsi alivyomaliza, situmii filamu. Natazama picha za miaka yake ya mwisho, alipokuwa balozi mwema wa UNICEF. Mwaka 1988 alikwenda Ethiopia, na Septemba 1992 alikwenda Somalia wakati wa njaa, miezi michache kabla ya kufa kwake tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63. Amevaa shati la polo, nywele amezivuta nyuma, uso una mikunjo yake yote. Mashati yale yanapatikana popote. Lakini tazama kola, tazama jinsi shingo inavyosimama ndani yake: ni mtu yuleyule wa 1953, na nguo zimekaa kimya kuliko wakati wowote ili atazamwe anayepaswa kutazamwa, ambaye mara nyingi kwenye picha hizo ni mtoto aliyembeba. Alishakuwa na njaa kama ile akiwa msichana. Sidhani kama alipoteza dakika tano asubuhi kufikiria avae nini, na faida mojawapo ya kuamua mapema ni hiyo, kwamba siku ya kazi nzito kabati halikupotezei muda.

Kwa upande wangu limebaki koti. Kila ninalojaribu limekatwa kwa mtu mwenye kiwiliwili kirefu, mfuko unaniangukia palepale kwenye nyonga nisipotaka chochote kiongezeke, na mkanda unafungwa chini ya kiuno changu. Fundi anasema mifuko anaweza kuipandisha na mkanda kuusogeza, ila pindo atalazimika kulikata, na koti likikatwa chini vifungo vitakaa vibaya isipokuwa navyo vipangwe upya. Tumekubaliana alifumue lote. Wiki ijayo nakwenda kupimwa mara ya kwanza, na kiatu bapa nitakachokivaa nacho kiko mguuni, maana fundi hawezi kupima pindo kwa mtu aliyevaa kiatu kingine.